Sokwe wa Ugalla na Meko ya Kanyenye

Neno pori limetenda dhuluma kubwa katika nchi za magharibi ya Tanzania, na dhuluma hiyo yahuzunisha zaidi kwa kuwa aghalabu hutendwa na watu waliosoma. Mwenyeji wa Kanyenye, mtaa wa mji wa Tabora, akiulizwa kuna nini baina ya mji wake na ziwa la Tanganyika, hujibu kwa neno hilo moja: pori. Ofisi ikitafuta mahali pa kugawa mashamba, hutazama ramani na kuona pori. Mwandishi wa kitabu cha darasani akitaka mfano wa makao ya wanyama, huiruka nchi hiyo nzima na kutua Serengeti, kana kwamba Mwenyezi Mungu aliumba simba na nyumbu peke yao na wengine wakajiumba wenyewe. Neno lenyewe halikuzaliwa na hatia. Maana yake ilikuwa nchi isiyolimwa wala kukaliwa na watu. Walakini siku hizi limebebeshwa maana ya utupu, na ardhi ikishaitwa tupu, kila aingiaye na shoka huhesabiwa kuwa amekuja kuijaza.

Maneno hayo yapasa kukanushwa kwa ushahidi. Nchi iliyo baina ya Tabora na ziwa ina wakazi wenye manyoya, magamba na mbawa, na baadhi yao hawana makao mengine ya asili katika Tanzania nzima. Tena sehemu kubwa ya wakazi hao haiishi ndani ya mipaka ya hifadhi za taifa, bali nje yake, katika ardhi ile ile iitwayo pori. Asemaye kwamba wanyama wamekwisha kupewa mahali pao, na kwamba kilichobaki ni cha shoka, asema jambo lisilo kweli. Na asemaye hivyo akiwa na shahada mkononi hana udhuru wa kutojua.

Msafiri aondokaye Kanyenye kuelekea magharibi (Kanyenye hii ya Tabora, si ile ya Ugogo ambako misafara ya karne ya 19 ilisimamishwa ili itoe hongo) hushika upande ule ule walioushika wapagazi: Urambo, Kaliua, Malagarasi, Uvinza penye chumvi, kisha Ujiji. Reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ilishika upande huo. Mwanzoni nchi ni uwanda wa juu, mita 1,200 hivi juu ya bahari, na miti yake ni miombo: mtundu, muba, mninga, mkurungu, na jamaa zao wengi. Huu si msitu wa giza. Jua hupenya mpaka chini, nyasi huota kati ya mashina, na wiki chache kabla ya mvua miti hutoa majani mapya mekundu kama shaba, hata mgeni akadhani kwamba nchi imeshika moto. Hapo ndipo makao ya palahala na korongo, wanyama wenye pembe za fahari ambao mtoto wa Tabora aghalabu hawajui hata kwa jina. Ndipo kongoni hulisha, na ndipo kakakuona hutoka usiku kuchimbua mchwa. Penye mabonde mapana ya udongo mweusi, ambayo wenyeji huyaita mbuga, maji husimama wakati wa masika, na kuro hukaa karibu na mito.

Kusini ya reli, mto Ugalla ukishavukwa, uwanda huanza kuvunjika. Vilima huinuka, magenge hutokeza, na katika kila bonde jembamba lenye kijito hubaki ukanda wa msitu wa kijani usiokauka hata wakati wa kiangazi kikali. Mpango huu wa nchi ni jambo la kuangaliwa sana, maana ndani yake mna siri ya maisha ya wanyama wa huko. Juu ya mawe hukaa mbuzi mawe na pimbi. Ukingoni mwa vijito hukaa pongo. Katika miti mirefu ya bondeni huruka mbega wekundu na kima. Chui hana mahali maalumu; yeye huitumia nchi yote kama mwenye mali azungukavyo mashamba yake. Mbele zaidi, juu ya ziwa, husimama milima ya Mahale, ambayo kilele chake, Nkungwe, hufika mita 2,462; upande wake wa ziwani hupata mvua nyingi na kuvaa msitu mzito, na juu hupatikana mianzi na majani mafupi ya baridi. Kutoka miombo ya Tabora hata mianzi ya Nkungwe hapana ukuta. Ni nyumba moja yenye vyumba vingi, na mnyama huhama chumba kwa kufuata msimu.

Katika wakazi wote wa nyumba hiyo, sokwe ndiye shahidi aliye bora. Wengi humdhani kuwa ni mnyama wa msitu mnene tu, na picha za Mahale, akiwa ameketi chini ya majani mapana, huithibitisha dhana hiyo. Lakini sokwe wa Ugalla huishi katika nchi kavu iliyo miongoni mwa nchi kavu kupita zote ambamo sokwe wanajulikana kuishi. Katika bonde la Issa, magharibi ya mto Ugalla, ambako watafiti wamekuwa wakiwafuata kwa miaka mingi, kiangazi hushika miezi mitano au zaidi, moto hupita katika nyasi kila mwaka, na kilima kilichokuwa kijani mwezi wa Machi huwa cheusi mwezi wa Agosti. Humo sokwe hula matunda ambayo hata watoto wa vijijini huyala. Kila jioni hukunja matawi na kujitengenezea kitanda kipya juu ya mti, nao watafiti huvihesabu vitanda hivyo ili kukadiria idadi ya wenyewe, maana wenyewe ni vigumu kuonekana. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba sokwe wa Ugalla huchimba mizizi ya chakula kwa vijiti, jambo ambalo wataalamu wa asili ya binadamu walikuwa wakilihesabu kuwa hatua kubwa ya wazee wa mwanadamu. Mwaka 2022 utafiti mwingine wa Issa ulionyesha kwamba sokwe hao walisimama kwa miguu miwili mara nyingi zaidi wakiwa juu ya miti kuliko wakiwa chini, ingawa nchi yao ina uwanda mwingi. Na jambo hilo limewatikisa wale waliokuwa wakisema kwamba kutoka msituni na kuingia nyikani ndiko kulikomsimamisha mwanadamu. Hivyo swali moja miongoni mwa maswali makuu ya elimu ya dunia linatafutiwa jibu katika nchi ambayo Kanyenye huiita pori.

Sokwe kama huyu hawezi kuishi mahali padogo. Katika msitu wa Mahale matunda ni mengi na kundi laweza kutosheka na eneo la wastani. Katika nchi kavu kundi huhitaji eneo kubwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa chakula kimetawanyika, huku kidogo na kule kidogo. Kwa sababu hiyo sokwe wa Ugalla ni wachache katika kila kilomita ya mraba, na uchache huo hugeuzwa kuwa hoja dhidi yao. Husemwa: mbona hawaonekani? Mbona mtu hutembea siku mbili bila ya kumwona hata mmoja? Hii ni sawa na kuingia katika nyumba ya mvuvi wakati yu baharini na kutangaza kwamba nyumba haina mwenyewe. Makadirio ya sokwe wa Tanzania yote yamekuwa baina ya 2,000 na 3,000, na robo tatu hivi ya hao, kwa maandishi ya watafiti, huishi nje ya hifadhi mbili za taifa za Gombe na Mahale. Robo tatu! Hata Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa pori la akiba, na ambayo ni jambo la kushukuriwa kwa ajili ya palahala, tembo na viboko, iko upande wa mashariki, ilhali sokwe wako magharibi yake, katika misitu ya vijiji, ya halmashauri na ya serikali.

Tena pori hili lina historia. Mwisho wa mwaka 1871 na mwanzo wa 1872, Livingstone na Stanley walipotoka Ujiji kurudi Unyanyembe, hawakupita njia kuu. Walishuka kwa mashua kusini ya ziwa, kisha wakakata nchi kavu kupitia Ukawendi, yaani katika moyo wa nchi inayosemwa hapa, wakapata nyama ya kula kwa bunduki zao. Nchi ilikuwa na wanyama, na ilikuwa na watu pia. Kilichoifanya iwe kimya kilikuja baadaye. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe na wanyama wa mwitu walio jamaa zao. Penye ng'ombe waliokwisha vichaka viliota, na penye vichaka mbung'o aliingia. Zikafuata vita: Mtemi Isike wa Unyanyembe alikufa ndani ya boma lake mwezi wa Januari 1893 akipigana na Wajerumani, na Tabora yenyewe ilitekwa na Wabelgiji mwezi wa Septemba 1916, baada ya maelfu ya watu kutwishwa mizigo ya majeshi. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza, ikipambana na malale, iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika na kuwaweka katika makazi ya pamoja, na mashamba yao ya zamani yakamezwa na miti. John Ford katika kitabu chake cha mwaka 1971, na Helge Kjekshus katika chake cha mwaka 1977, waliyaeleza mambo haya kwa urefu. Pori la leo, basi, kwa sehemu yake kubwa ni matokeo ya misiba na amri. Aliyeikuta nyumba imefungwa kwa matanga na akasema haijapata kukaliwa, amesoma nini?

Wale waliokaa humo hawakuishi na wanyama bila ya sheria. Katika Unyamwezi pembe za ndovu na ngozi za simba na chui hazikuwa mali ya aliyeua peke yake. Mtemi alikuwa na haki zake katika vitu hivyo. Bayeye, chama cha waganga wa nyoka, walikuwa na mafunzo, daraja na miiko. Hapana haja ya kupamba mambo ya kale na kudai kwamba kila mwindaji alikuwa mwalimu wa uhifadhi. Waliua, tena waliua sana bei ilipopanda. Lakini mnyama alikuwa na jina, mahali na mdai. Leo sheria imemfanya kuwa mali ya taifa zima, na jambo lililo jema kwa maandishi limeleta hasara moja kwa matendo: kilicho cha wote, jirani yake hujiona hana neno juu yake.

Bei ilipanda kwa sababu ya njia. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi wa Novemba 1857, Tabora ilikwisha kuwa ghala la pembe. Katika maisha ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, msomaji hukutana na frasila za pembe mara nyingi kuliko kumwona tembo akitembea. Hilo si kosa la mtunzi. Ndivyo biashara ilivyoona. Tembo alipopungua upande huu, wafanyabiashara walisogea Ujiji, na Ujiji ilipokuwa haitoshi walivuka ziwa hata Manyema. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mpaka wa uharibifu ulitembea kuelekea machweo, hatua kwa hatua, juu ya mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi, na Tabora ikabaki nyuma na majumba, miembe na madeni. Wala asidhani mtu kwamba habari hiyo ilikwisha pamoja na karne yake. Baina ya mwaka 2009 na 2014 hesabu ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka 109,000 hivi hata 43,000 hivi, na wengi wa waliopotea waliuawa kwa ajili ya pembe.

Sasa mpaka mwingine unatembea juu ya njia ile ile, na mzigo wake ni kuni. Urambo ilikuwa mojawapo ya mahali pa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Mahali pa karanga pakachukuliwa na tumbaku. Tumbaku ya mvuke haikauki kwa jua. Hukaushwa ndani ya mabani, na mabani hula kuni usiku na mchana kwa siku nyingi mfululizo, kila msimu. Mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge hukata miti mara mbili: kwanza ili apate shamba, kisha ili aweze kukausha mavuno ya shamba hilo. Udongo wa miombo ni mwepesi na huchoka upesi, basi baada ya miaka michache hutafutwa shamba jingine. Mkurungu, ambao zamani haukutafutwa sana na wapasua mbao, katika miaka ya 2010 uligeuka kuwa bidhaa ya kupelekwa Asia, na magogo yake yakatoka misituni kwa halali na kwa haramu. Juu ya hayo kuna mkaa, ambao huingia mjini juu ya baiskeli na malori na kuishia katika majiko ya Kanyenye, Gongoni, Isevya na Ng'ambo.

Hapana haja ya kudai kwamba gunia la mkaa liuzwalo Kanyenye limetoka chini ya kitanda cha sokwe. Yamkini limetoka karibu tu. Lakini miti ya karibu ikiisha, mchoma mkaa husogea. Mkulima aliyekosa kuni husogea. Mchungaji aliyekuta malisho yamegeuzwa mashamba husogea pia, na kila mmoja humsukuma aliye mbele yake. Mwisho wa mnyororo huo ni bonde la Ugalla. Desturi ya mjini ni kumlaumu yule wa mwisho, mwenye ng'ombe mia na fimbo mkononi, aonekanaye katika picha za magazeti akitolewa msituni. Aliye mwanzo wa mnyororo, aketiye barazani akingoja chai ichemke, hapigwi picha.

Hapa watasimama wapinzani wawili, na kila mmoja astahili kujibiwa kwa namna yake.

Wa kwanza husema kwamba mtu hutangulia mnyama. Mkulima wa tumbaku ana karo za watoto. Mama wa Kanyenye hawezi kupika kwa maneno. Hoja hii ina nguvu, na wapenzi wa wanyama waipuuzao, hasa wale waishio mbali, wameidhuru kazi yao wenyewe. Lakini hoja hii humhukumu yule yule aitoaye. Bani halichomi maneno pia: msitu ukiisha, tumbaku yenyewe haina wa kuikausha. Mfuga nyuki wa Sikonge hutengeneza mzinga wake kwa gome la mti wa miombo, huutundika juu ya mti wa miombo, na nyuki wake hunyonya maua ya miombo. Asali ya Tabora, ambayo sifa yake imevuka mipaka ya nchi, ni msitu uliogeuzwa kuwa chakula bila ya kuangushwa. Vijiji vilivyotenga ardhi ya pamoja kwa ajili ya wanyamapori, kama vile vya Ipole na Uyumbu, vimejaribu kuonyesha kwamba mnyama aweza kuwa na mahali katika hesabu ya kijiji, ijapokuwa mapato hayakulingana siku zote na ahadi. Na mama wa Kanyenye hapaswi kuhutubiwa. Apaswa kupewa jiko na gesi kwa bei anayoiweza. Serikali ilitangaza mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Huo ni mkakati wa wanyama pia, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Mpinzani wa pili ni wa hatari zaidi, kwa kuwa hujiona rafiki. Yeye husema: wekeni hifadhi, wekeni askari, toeni watu, na mambo yamekwisha. Jibu lake liko Gombe. Huko Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alianza kazi yake mwezi wa Julai 1960, na mahali hapo pakawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Hakuna sokwe duniani waliofuatwa kwa uangalifu kuliko hao. Lakini hifadhi ni ndogo kama kitambaa, sokwe wake ni mia moja hivi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall alipopita juu kwa ndege aliona vilima vya nje ya mpaka vimenyolewa uchi. Mpaka ulilindwa, nyumba ilibomoka pande zake zote. Ndiyo maana tangu mwaka 1994 watu wake waligeukia vijiji, miche ya miti, maji na afya, wakijua kwamba sokwe aliyezingirwa na mashamba ni mfungwa hata kama hakuna amgusaye.

Jibu la pili liko Mahale, nalo ni chungu zaidi. Nishida Toshisada wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kazi yake huko mwaka 1965, katika nchi iliyokuwa bado ya Watongwe. Katika miaka ya 1970, wakati wa kuhamia vijijini, Watongwe waliondolewa milimani, na mwaka 1985 milima ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Watafiti wageni walijua ni nani aliyekuwa mwalimu wao. Mwezi wa Novemba 1987, sokwe jike mgonjwa aliyepewa jina la Chausiku alionekana akitafuna na kufyonza kiini cha mti mchungu ambao sokwe hawaugusi sana, na baada ya siku moja hivi akapata nafuu. Michael Huffman aliliandika jambo hilo, na likapata umaarufu katika elimu ya dunia. Lakini aliyemwambia kwamba mti huo ni dawa alikuwa Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mtumishi wa hifadhi na mganga, ambaye jina lake liliwekwa pamoja na la Huffman juu ya makala ya mwaka 1989. Watongwe waliuita mjonso. Babu yake, kwa habari ya ukoo huo, alijifunza dawa nyingine, mulengelele, kwa kumtazama nungunungu mgonjwa akichimba mizizi. Watu waliosoma dawa kwa wanyama wa mlima waliondolewa mlimani, na wachache wao wakarudishwa kwa mshahara ili wawaonyeshe wageni walichokijua. Ambaye bado aamini kwamba kumtoa mtu ndiko kumlinda mnyama na aeleze ni nani atakayemwambia mtafiti wa pili jina la mti.

Na hapa lawama huwarudia wenye kalamu. Kiswahili cha shule kimemfundisha mtoto kwamba wanyama hukaa mbugani. Mtoto wa Tabora ajua kwamba mbuga ni bonde la udongo mweusi, lenye majaruba ya mpunga ya shangazi yake; akisoma kwamba tembo na simba hukaa mbugani, ama atamdhihaki mwalimu au ataacha kuamini macho yake. Neno moja, sokwe, hutumiwa ovyo kwa mnyama wa Mahale na kwa gorila wa Kongo na Uganda, ingawa Tanzania haina gorila hata mmoja wa mwituni. Livingstone alichanganya vivyo hivyo: akiwa Manyema mwaka 1870 alilisikia jina hilo kwa umbo la soko, akaliandika katika daftari lake, akadhani kwamba mnyama huyo ni gorila. Yeye alikuwa mgeni, mgonjwa, na hakuwa na kitabu cha kumsahihisha. Wasomi wa leo wana vitabu. Jina hilo lilisafiri kwa mdomo wa wapagazi na wafanyabiashara juu ya njia ya Ujiji na Tabora, nalo ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo njia hiyo ilivileta bila ya kumwaga damu. Kulitumia kwa uzembe ni kulitupa.

Palahala na korongo huchanganywa katika makala za magazeti. Pongo na kuro huitwa swala wote, kana kwamba kila chenye pembe na miguu minne ni swala. Mbega mwekundu hana jina lake peke yake lijulikanalo na wengi, ila rangi aliyoongezewa. Miti ni vibaya zaidi: mwanafunzi wa shahada ya pili aweza kutaja aina kumi za vina vya mashairi na asiweze kutaja miti mitano ya miombo inayoonekana kutoka dirisha la treni. Idara za lugha hutoa istilahi za kompyuta na za benki, na hiyo ni kazi ya haki. Lakini majina ya Kinyamwezi, Kikonongo, Kitongwe na Kibende ya wanyama na mimea ya nchi hii, ambayo yangeweza kuitajirisha lugha ya taifa bila ya mkopo wa ng'ambo, yamebaki katika vitabu vya wageni, yakiwa yameandikwa kwa herufi za Kilatini na kutafsiriwa kwa Kiingereza na Kijapani. Mtu hawezi kutetea mbele ya baraza la kijiji kitu asichoweza kukitaja. Mpango wa matumizi bora ya ardhi huandikwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kikiwa na neno moja tu kwa nchi yenye vyumba kumi, vyumba tisa vitagawiwa.

Basi yapasa idara hizo ziwatume wanafunzi wao Kaliua, Uvinza na Mpanda, si kwa siku tatu za kujaza madodoso, bali kwa msimu mzima, wakiwa na daftari la majina: mnyama, sauti yake, chakula chake, mti wake, bonde lake, na mtu aliyelitaja. Yapasa waandishi wa vitabu vya darasani waliondoe neno mbuga mahali lisipofaa na kuweka msitu, bonde, genge na mlima. Kazi hiyo ina saa yake. Mtongwe aliyekuwa kijana wa miaka ishirini alipoteremshwa kutoka Mahale katikati ya miaka ya 1970, leo amepita miaka sabini, na watoto wake walizaliwa chini.